Mawe ya Nyongo na Kukonda kwa Haraka: Yalianzia Wapi?

 

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao nyanya zetu wengi hawakuujua hata kwa jina, nao ni mawe ya nyongo. Nimeuchagua kwa sababu unawafuata akina mama waliofanya jambo walilohimizwa kulifanya, yaani kupunguza uzito. Kuna waliokwenda Nairobi, na wengine hata India na Uturuki, wakafanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Walilipa mamia ya maelfu ya shilingi, pengine kwa kuuza shamba au kuchukua mkopo wa chama. Wanarudi nyumbani, nguo zinawapwaya, majirani wanawasifu. Kisha mwezi wa tatu au wa nne, usiku baada ya kula, maumivu makali yanawakamata chini ya mbavu. Asubuhi wanakwenda kwa kemisti, wanaambiwa ni vidonda vya tumbo, wanapewa dawa ya kupunguza asidi. Wiki ijayo maumivu yanarudi.

Ili uelewe jambo hili, mama, hebu kwanza tuone nyongo ni nini.

Ini lako hutengeneza nyongo kila siku, kati ya nusu lita na lita moja. Kazi yake ni kusaidia kusaga mafuta uliyokula. Sehemu ya nyongo hiyo huwekwa akiba katika kijifuko kidogo chini ya ini, upande wa kulia. Hicho ndicho mfuko wa nyongo. Ukila chakula chenye mafuta kidogo, mfuko unajikamua na nyongo inateremka kwenye utumbo. Usipokula, mfuko unatulia na nyongo inakaa humo.

Sasa fikiria kikombe cha chai. Ukitia kijiko kimoja cha sukari, inayeyuka yote. Ukitia vijiko kumi, nyingine inabaki chini. Na ukiiacha chai ipoe bila kuikoroga, ndiyo kabisa, sukari inaganda chini ya kikombe. Katika nyongo, sukari ni ile kolesteroli ambayo ini humwaga humo. Maji ya moto yanayoiyeyusha ni chumvi za nyongo na mafuta mengine ya aina yake. Kukoroga ni kule kujikamua kwa mfuko. Kolesteroli ikizidi, au mfuko ukikaa muda mrefu bila kujikamua, chembe zinaanza kuganda. Mwanzo ni kama mchanga au tope, halafu ni mawe. Shikilia mfano huo wa chai, tutaurudia.

Tuanze historia hapa hapa kwetu. Naivasha ni jina lililotoka kwa Wamaasai, na kabla ya mkataba wa 1904 uliowahamisha, ng'ombe wao walikunywa maji ya ziwa hili. Chakula chao kikuu kilikuwa maziwa, nyama na damu. Kwa mafunzo tuliyopewa wengi wetu, kwamba mafuta ndiyo huleta mawe ya nyongo, watu hao wangekuwa wamejaa mawe. Lakini sivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1971 watafiti kutoka Marekani, Biss na wenzake, walichapisha matokeo yao kuhusu Wamaasai katika jarida la New England Journal of Medicine. Waligundua kwamba karibu theluthi mbili ya nguvu ya chakula cha Wamaasai hao ilitoka kwenye mafuta. Hata hivyo kolesteroli katika damu yao ilikuwa chini, na mawe ya nyongo ya aina ya kolesteroli yalikuwa nadra sana kwao. Walipoipima nyongo yenyewe wakaona sababu. Chumvi za nyongo na yale mafuta mengine yanayoyeyusha yalikuwa mengi yakilinganishwa na kolesteroli. Kwa mfano wetu, chai yao ilikuwa na maji ya moto ya kutosha kwa sukari iliyokuwemo. Watafiti walifikiri kwamba miili yao ilikuwa imezoea chakula hicho kwa vizazi vingi.

Usiifanye habari hii kuwa ruhusa ya nyama choma kila Jumamosi, tafadhali. Mchungaji wa zamani alitembea kutwa nzima na hakuwa na soda wala mkate mweupe. Nimeileta ili ujue kwamba mafuta ya chakula peke yake siyo yanayotengeneza jiwe. Baadaye utaona kwa nini jambo hilo ni muhimu kwa mama anayekonda.

Upande wa pili wa mpaka, Uganda, kulikuwa na madaktari wawili ambao majina yao bado yanatajwa katika vyuo vya uuguzi. Hugh Trowell alianza kazi Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kuondoka mwaka 1966. Burkitt ndiye aliyeeleza mwaka 1958 ile saratani ya taya ya watoto inayobeba jina lake. Baada ya hapo akageukia swali lingine. Kwa nini magonjwa yaliyojaa katika wodi za Uingereza, kama mawe ya nyongo, kidole tumbo na bawasiri, yalionekana kwa nadra katika wodi za Afrika Mashariki?

Aliandikia hospitali nyingi za misheni barani Afrika akiuliza waliona wagonjwa wangapi wa magonjwa hayo. Alipima hata kinyesi cha watu, wa mijini na wa vijijini, na kukipiga picha. Msicheke, ni kazi ya sayansi. Jibu lake lilikuwa kwamba watu wetu walikula vyakula ambavyo havijakobolewa: wimbi, mtama, mahindi mazima, maharagwe, viazi vitamu, mboga nyingi. Makapi ya vyakula hivyo hayasagwi tumboni, na yeye aliamini yanalinda mwili. Mwaka 1975 yeye na Trowell walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yanayovifuata.

Mimi naona walisema kweli nusu. Wakati ule hakukuwa na mashine za altrasaundi za kuona ndani ya tumbo, na mawe mengi ya nyongo hayaumi. Tena mama wa kijijini aliyeumwa usiku hakufika Mulago. Alikunywa mitishamba, akapona au akafa, na hakuna daftari lililomwandika. Kwa hivyo hesabu za hospitali zilikuwa pungufu. Lakini kwamba chakula chetu kimebadilika na miili yetu imebadilika nacho, hilo halina ubishi.

Angalia hapa mjini. Mama anayefanya kazi katika mashamba ya maua anatoka nyumbani kabla ya jua. Chakula chake cha haraka ni mandazi na chai ya sukari asubuhi, chipsi na soda mchana. Githeri inahitaji kuni na saa tatu za kuchemka, nani ana nafasi hiyo? Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2008-09, wanawake 25 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 walifika 33. Uchunguzi wa 2022, uliohesabu walio na miaka 20 hadi 49, ulikuta 45. Uzito uliozidi wenyewe huongeza kolesteroli katika nyongo. Na kwa sababu ya homoni na mimba, mwanamke hupata mawe haya kuliko mwanamume.

Basi mama anaamua kupunguza uzito, na uamuzi huo ni mzuri. Kisukari, presha na magoti yanayouma vyote hupungua. Swali ni namna ya kupunguza.

Upasuaji wa kupunguza uzito ulianza mwaka 1954, huko Marekani. Wapasuaji waliunganisha sehemu ya juu ya utumbo mwembamba na sehemu ya mwisho, ili chakula kipite bila kufyonzwa. Watu walikonda sana, lakini wengi waliharibika ini na kuishiwa na vitamini, na upasuaji huo ukaachwa. Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito, katika Chuo Kikuu cha Iowa, walijaribu njia nyingine. Mason alikuwa ameona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda vya tumbo walipata shida kunenepa tena. Akatengeneza mfuko mdogo juu, akauunganisha moja kwa moja na utumbo. Njia hiyo imeboreshwa na bado inatumika, na Kiswahili chepesi tunaweza kuiita upasuaji wa kupitisha pembeni. Njia nyingine, inayofanywa sana siku hizi, ni kukata na kuondoa kabisa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, ibaki sehemu nyembamba kama ndizi.

Upasuaji huu umewasaidia wengi, wala sisemi usiufanye. Ila miaka ilipopita madaktari waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Wagonjwa walikuwa wanarudi, wamekonda, afya imeimarika, na mawe ya nyongo ambayo hawakuwa nayo mwanzoni.

Na haikuwa kisu peke yake. Mwaka 1989 Liddle na wenzake walichapisha habari za watu 51 wanene waliokula chakula kidogo mno, kalori zipatazo 500 kwa siku, kwa wiki nane. Hawakupasuliwa. Kati yao 13 walipata mawe ya nyongo katika muda huo mfupi. Mwaka 1991, katika jimbo la Virginia, Shiffman na wenzake waliwafuata kwa altrasaundi watu waliofanyiwa upasuaji wa kupitisha pembeni. Zaidi ya thuluthi moja walikuwa na mawe ndani ya miezi sita.

Rudi kwenye kikombe cha chai. Mwili unapoyeyusha mafuta yake kwa haraka, kolesteroli iliyokuwa imehifadhiwa humo inatoka, inakwenda kwenye ini, na ini linaimwaga kwenye nyongo. Hiyo ni sukari ya kijiko cha kumi. Wakati huo huo mama anakula kidogo sana, tena bila mafuta, kwa hivyo mfuko wa nyongo haujikamui. Hakuna anayekoroga. Haraka haraka haina baraka, waliosema hivyo hawakuwa na altrasaundi lakini hawakukosea.

Ndiyo sababu hatari ni kubwa zaidi miezi sita ya kwanza, uzito unaposhuka kwa kasi. Anayepoteza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki baada ya wiki, yuko katika hatari kuliko anayepoteza nusu kilo. Hata zile sindano za kupunguza uzito ambazo sasa zinazungumzwa kila mahali zina onyo hili. Mwaka 2022 watafiti waliunganisha matokeo ya majaribio 76 wakaona kwamba magonjwa ya mfuko wa nyongo huongezeka kwa wanaozitumia, hasa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu.

Je, kuna kinga? Ipo, na asili yake itakushangaza. Kwa karne nyingi waganga wa China walitumia nyongo ya dubu kama dawa. Mwaka 1927 mtafiti wa Japani aitwaye Shoda alitoa katika nyongo hiyo kemikali safi, akaipa jina lenye neno la Kilatini la dubu: asidi ya ursodioksikoli. Leo inatengenezwa viwandani kama vidonge, dubu hahusiki. Inapunguza kolesteroli katika nyongo.

Mwaka 1995 Sugerman na wenzake walichapisha jaribio lao. Wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji bila mawe waligawanywa, wengine wakapewa vidonge hivyo kwa miezi sita, wengine vidonge visivyo na dawa. Katika waliopewa vidonge bure, 32 kati ya 100 walipata mawe. Waliopewa miligramu 600 kwa siku walikuwa 2 tu kati ya 100. Uholanzi nako, mwaka 2021, jaribio kubwa liliangalia si mawe tu bali mawe yanayouma. Baada ya miaka miwili, waliopewa dawa walioumwa walikuwa asilimia 6.5, na wasiopewa asilimia 9.7. Waliokuwa na mawe tayari kabla ya upasuaji, dawa haikuwasaidia.

Kwa hivyo, mama, ukipanga upasuaji huu, uliza maswali mawili kabla ya kulipa. La kwanza, je, nitapigwa picha ya altrasaundi ya mfuko wa nyongo kwanza? La pili, je, nitapewa ile dawa ya kuzuia mawe kwa miezi sita, na bei yake imo katika hesabu? Wengine huandikiwa, wakanunua ya mwezi mmoja, wakaacha kwa sababu hawaumwi. Hawaumwi kwa sababu jiwe bado halijawa jiwe. Na usijitibu kwa kunywa nyongo ya mbuzi aliyechinjwa. Hiyo siyo dawa hii.

Kama unapunguza uzito kwa chakula tu, usiondoe mafuta yote. Vijiko viwili vidogo vya mafuta ya kupikia katika mlo mmoja wa siku, au kipande cha parachichi, vinatosha kuufanya mfuko ujikamue. Ndiyo maana nilikwambia habari za Wamaasai. Usishinde njaa kutwa ukingoje kula usiku. Kula maharagwe, njahi, sukuma wiki, uji wa wimbi. Aliyepasuliwa afuate ratiba ya chakula aliyopewa na hospitali yake. Na kama tayari una mawe yanayouma, mafuta yatakuletea maumivu, kwa hivyo muone daktari kabla ya kubadilisha chochote.

Sasa dalili. Maumivu ya mawe hukaa juu ya tumbo, katikati au upande wa kulia chini ya mbavu. Huja mara nyingi baada ya kula, au usiku, hushika kwa zaidi ya nusu saa na yanaweza kuendelea kwa saa kadhaa. Huweza kwenda mgongoni au kwenye bega la kulia. Kichefuchefu na kutapika hufuata. Vidonda vya tumbo huchoma, na mara nyingi hutulia kwa dawa ya asidi. Jiwe halijali dawa hiyo. Hapa kwetu kila maumivu ya tumbo yameitwa vidonda, na akina mama wanakunywa dawa miaka miwili bila kupigwa picha hata moja. Picha ya altrasaundi haichomi, haina mionzi, na huonyesha mawe mengi yaliyo ndani ya mfuko.

Ukiona homa na kutetemeka, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kinyesi cheupe, au maumivu yasiyokoma, usingoje asubuhi. Jiwe limeteleza na kuziba njia ya nyongo, au kongosho limevimba. Chukua bodaboda, teksi, chochote, ufike hospitali usiku huo huo.

Mawe yanayouma hutibiwa kwa kuondoa mfuko wenyewe. Mwanzo madaktari walikuwa wanautoboa, wanatoa mawe, wanauacha, na mawe yanarudi. Tarehe 15 Julai 1882, huko Berlin, Carl Langenbuch aliuondoa mfuko mzima kwa mwanamume wa miaka 43 aliyeteseka kwa muda mrefu, naye akapona. Langenbuch aliona kwamba mfuko usipobaki, mawe hayana pa kuumbika. Karne moja baadaye, mwaka 1985, Mjerumani mwingine, Erich Mühe, aliuondoa kwa matundu madogo badala ya mkato mrefu. Wenzake walimkataa, kisha mwaka 1992 wakampa tuzo. Leo wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili, na mtu huishi vizuri bila mfuko huo, kwa sababu ini bado linatengeneza nyongo.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupitisha pembeni kuna ugumu mmoja zaidi. Jiwe likiziba njia ya nyongo, kwa kawaida daktari hupitisha kamera kinywani hadi kwenye utumbo na kulitoa. Kwa mgonjwa huyu njia hiyo imebadilishwa, kamera ya kawaida haifiki kwa urahisi, na huenda akahitaji kupelekwa hospitali kubwa zaidi. Daktari wa zamu asipoambiwa hatajua, kwa sababu makovu nje ni madogo mno.

Akina mama wa umri wa kuzaa, nanyi sikilizeni. Uzito ukishuka, rutuba hurudi ghafla. Aliyekaa miaka bila mimba hushtukia amebeba. Hushauriwa kungoja mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji kabla ya kushika mimba, kwa ajili ya lishe ya mtoto, na pia kwa sababu mimba yenyewe huongeza mawe ya nyongo. Vidonge vya kupanga uzazi huenda visifyonzwe vizuri baada ya kupitisha pembeni. Njoo kliniki tuzungumze juu ya njia nyingine kabla hujaenda kwenye upasuaji.

Na wewe mlezi, binti au dada unayemtunza mgonjwa nyumbani, omba karatasi ya kutoka hospitali. Hakikisha imeandikwa jina la upasuaji, tarehe, dawa, na kama mfuko wa nyongo umeondolewa au umeachwa. Itie katika mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake, mahali unapoweza kuipata gizani. Siku ya maumivu, mgonjwa hataweza kueleza, na hiyo karatasi ndiyo itakayozungumza na daktari.

Kwaherini kwa sasa. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya upungufu wa damu kwa mama mjamzito.